Siku Mama Alipofungua Pedeli ya Kinanda

Kahawa iliyokwisha kukauka inanuka vumbi na nyasi kavu, si hii harufu tamu ya kikombe mnayoijua ninyi wa mijini. Kijijini kwetu, juu kule upande wa Maguu, nyumba zote zilinuka hivyo tangu mavuno mpaka mvua za kwanza, maana magunia yalilala chumbani pamoja na sisi. Na kila kitu cha thamani kilifichwa ndani ya gunia la kahawa: tochi mpya, cheti cha ubatizo, kitenge cha sikukuu. Mwizi anaweza kuingia jikoni akabeba sufuria, lakini kumwaga gunia zima akitafuta kitu ni kazi ya mtu asiye na haraka, na mwizi gani hana haraka? Hivyo ndivyo tulivyoishi. Tuliamini kwamba kilichomo ndani ya kahawa kiko salama.

Miaka hiyo serikali ilikuwa imeruhusu wanunuzi binafsi kupanda milimani. Mmoja wao, ili tumpelekee kahawa yeye badala ya chama cha ushirika, aliiletea kwaya ya kigango chetu kinanda cha kutumia betri. Kilikuja na kidude cheusi chenye waya, cha kukanyagia, nasi tukakiita pedeli, kama ya baiskeli. Ukiikanyaga, sauti inaendelea hata ukiondoa vidole, ukiiachia, inakatika. Baba yangu ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Alikipiga kidogo tu, kifua kikambana, akafa. Nafasi yake ikachukuliwa na Longinus, jirani yetu, ambaye shamba lake la kahawa lilipakana na letu. Wengine wakiandika mambo ya utoto wao huficha majina ya waliowadhulumu. Mimi niliishia darasa la tano, adabu hiyo sikufundishwa. Kwa hiyo naandika: wa kwanza ni Longinus. Wa pili ni Blasius, katekista. Wa tatu ni Mama Agatha, aliyenipokea kwa mikono yake nilipozaliwa.

Jumapili moja, kabla mvua hazijaanza, Blasius alisoma majina ya marehemu wa kuombewa, maana padri alikuwa haji kwetu ila mara moja kwa mwezi. Alipotaja jina la baba, Longinus alipiga sauti ya taratibu kama ilivyo desturi, kisha akaondoa mikono. Sauti haikukoma. Iliendelea, nzito, ndefu, kama mtu anayeguna ndani ya kisima. Longinus alinyanyua mikono yote miwili juu watu waione. Alinyanyua na miguu. Sauti bado. Mtoto mmoja akaanza kulia, kisha benchi zima la akina mama likainuka. Nilimshika mama nguo, nikasikia mwili wake unatetemeka, na mtoto akiona mzazi anatetemeka hana tena pa kukimbilia. Longinus alichomoa betri, kukawa kimya. Ndipo akasema, jasho likimtoka, "Mimi sijakigusa. Mumuulize Mama Edita anachomwitia mumewe hapa."

Edita ni mimi. Wiki ile ilikuwa ndefu. Kisimani ndoo zetu zilisogezwa pembeni. Tuliowaamkia "Shikamoo" walijibu wakitazama mlima. Shuleni watoto waliguna kila nilipopita, mmoja akaniuliza, "Edita, baba yako anakula nini huko ndani ya kinanda?" wakacheka, lakini jioni hawakupita njia ya kwetu. Tulijua yanakoelekea. Mwaka uliotangulia ajuza mmoja wa bonde la pili alifukuzwa kwa maneno kama hayo, na migomba yake ikakatwa yote. Mama alishinda akipalilia kahawa yetu kana kwamba miti ile ndiyo iliyokuwa mashahidi wake, na mimi nikawa siachi kumtazama, nikihofu nikigeuka tu sitamkuta.

Jumapili iliyofuata sauti ilirudi vilevile. Safari hii mama alisimama, akaenda mbele na kisu cha jikoni mkononi. Watu wakarudi nyuma. "Mama Edita, acha," Longinus akasema. "Hicho ni kitu cha kanisa."

"Cha kanisa, lakini uchawi wake mmeuleta nyumbani kwangu. Nipe hiyo pedeli."

"Mwacheni," mzee mmoja akatania kutoka nyuma, "labda atamtoa mzee mwenzetu humo!" Watu wakacheka kicheko cha woga.

Mama alikuwa ameshafungua tochi ya baba mara nyingi, na kwake kidude kile kilikuwa swichi tu. Alizungusha skrubu kwa ncha ya kisu, akavua kifuniko. Ndani mlikuwa na ndimi mbili za shaba ambazo zinapaswa kugusana mtu akikanyaga tu. Nyuma ya ulimi mmoja palikuwa na ganda la kahawa lililojikunja, limeusukuma ukamgusa mwenzake muda wote. Akalitoa, akaliweka kiganjani, akazunguka nalo benchi kwa benchi watu waone. Kisha akamuuliza Longinus kwa upole, "Ndugu yangu, pedeli hii ulikuwa unaificha wapi?" Hakuna aliyehitaji kujibiwa. Nani kati yetu hakuficha kitu chake kwenye gunia? Mama alirudisha kifuniko, Longinus akapiga, akaachia, sauti ikakatika safi. Nilifurahi nikataka kupiga vigelegele. Nilidhani yamekwisha.

Ndipo Mama Agatha akasema, bila kupaza sauti, "Kama amefungua yeye, basi ndiye aliyefunga."

Kwetu hilo alilijua hata mtoto wa kunyonya: kilichofungwa kwa dawa hufunguliwa na aliyekifunga, mwingine akigusa anakufa. Na mama hakufa. Ganda lile mkononi mwake likageuka dawa papo hapo, nikiona kwa macho yangu. Neno moja lingetuokoa, "Ganda ni la gunia langu," na Longinus alikuwa nalo mdomoni. Alisema, "Mimi naogopa kusimama karibu na huyu mama." Blasius, ambaye angesikilizwa, alifunga kitabu chake cha sala akatoka kwa mlango wa pembeni. Wahenga walisema penye wengi pana Mungu. Siku ile niliwaona wengi.

Walikuja kesho yake jua likiwa juu. Mama alinisukuma mimi na mdogo wangu shambani, tukalala kifudifudi ndani ya shimo la ngoro, yale tunayochimba mteremkoni kuzuia maji ya mvua, nyasi zikituchoma usoni, nikamziba mdogo wangu mdomo mpaka akaning'ata. Nilisikia mapanga yakikata miti ya kahawa, kisha mpini wa jembe ukigonga mfupa. Sauti ya mama sikuisikia, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Tuliteremka ziwani kwa miguu, yeye akiburuta mguu wa kulia, na aliuburuta hivyo mpaka tulipomzika huku ufukweni. Shamba letu Longinus aliliunganisha na lake. Vishina vilichipua, na mpaka leo anavuna.

Sasa nauza usipa, dagaa wa ziwani, sokoni Mbamba Bay. Dunia imebadilika, naambiwa. Vijana wanafungua simu barabarani mchana kweupe, watu wamewazunguka, na hakuna anayeuliza nani alizifunga. Naona kwa macho, lakini moyo wangu haukubali. Majuzi binti yangu wa mwisho aliifungua redio ya jirani uani kwetu, akaigusagusa, ikaanza kuongea. Nilimwambia, "Wakija kuichukua, usiseme umeitengeneza. Sema ilipona yenyewe."

"Mama bwana! Redio inaponaje yenyewe?" Akacheka mpaka akakaa chini.

Jirani alipokuja, binti akamwambia kweli yote. Yule mama akamshika mkono, akamtoa nje, akapaza sauti mtaa mzima usikie, "Jamani, fundi huyu hapa! Huyu mtoto ndiye aliyeifungua!" Watu wakaanza kusogea. Walikuwa wanapiga makofi, najua walikuwa wanapiga makofi. Mimi niliingia ndani, nikatandika kanga kitandani, nikaanza kufunga nguo zetu.