Lipi Lina Mbio: Biharamulo hadi Kanazi na Kurudi

Niliondoka Biharamulo kwa sababu ya ubishi. Gari langu dogo la michezo, jekundu, la milango miwili, nimehama nalo miji minne. Rafiki yangu Seba, muuza magari, alikuwa na mteja anayelitaka, akawa ananishawishi tubadilishane: nimpe hilo, nichukue sedani yake ya kisasa.

"Yako ni kitanda," nikamwambia. "Langu lina mbio."

"Lina kelele! Twende mpaka Ngara, kila mtu na lake, tukapime njiani. Lako likishindwa, tunabadilishana."

Nikampa mkono. Nikishatoa neno, sirudi nyuma.

Asubuhi tulipita msitu wa kuelekea Lusahunga. Ujanani mwangu magari yalivuka hapa kwa msafara, askari wakiwa mbele, kwa hofu ya majambazi. Siku hizi ni nyani tu wanaokaa kando ya lami, wakisubiri abiria mwenye ndizi.

Mbele ya Lusahunga barabara ilinyooka, na hapakuwa na lori. Seba akabandika simu yake kwenye dashibodi yangu. Ina programu inayopima muda wa gari kutoka kusimama hadi kilomita themanini kwa saa. Nikakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, mgongo ukaganda kwenye kiti, usukani ukanivuta mikono kama mbuzi anayetaka kukata kamba. Nilishuka nikicheka peke yangu.

Ikafuata zamu yake, mimi nikiwa kiti cha pembeni. Redio ilikuwa inaimba kwaya, na nilisikia kila neno.

"Mbona huondoki?" nikamuuliza.

"Themanini tulishapita, kaka."

Sedani ilikuwa imetangulia kwa sekunde nne. Nikataka turudie. Tulirudia mpaka Seba akaanza kunionea huruma, na simu haikubadili ushahidi.

Mchana tulifika Kanazi, huko huko Ngara, kwa dada yangu Leokadia. Tulimkuta akianika maharage uani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Na hilo kopo bado unalo? Mkungu mmoja tu wa ndizi haliwezi kubeba!"

Nilikuwa bado sijakubali. Nikamwomba apande yote mawili, atuambie lipi lina mbio. Seba alimtembeza kwanza, kwenye barabara ya vumbi hadi kwenye kona na kurudi. Kisha nikamchukua mimi, kwa mwendo uleule. Alishuka ameshika kitambaa cha kichwa.

"Yesu na Maria! Hili linaruka! Lile la Seba nilikuwa nimekaa sebuleni."

"Lakini dada, mwendo ulikuwa mmoja," Seba akalalamika. "Tazama simu."

"Simu yako haina mgongo," dada akamjibu. Kisha akanigeukia. "Mlipeana mkono?"

"Tulipeana."

"Basi mpe funguo, halafu mje mle."

Nikampa. Naye akanipa za sedani, tukaingia kula.

Alasiri tukaanza kurudi, mimi kwenye sedani, Seba nyuma yangu kwenye jekundu. Tulipofika Nyakahura, askari wa kike wa barabarani akanisimamisha.

"Baba, haraka ya wapi?"

"Afande, nilikuwa najikokota tu."

Akanionyesha tochi yake ya kupimia mwendo: sabini na moja, mahali pa hamsini. Wakati anaandika faini, Seba akatokea, ameinama juu ya usukani, meno yote nje. Askari akamlenga, akasoma, akampungia mkono apite.

Seba alinisubiri mbele. "Nilikuwa kwenye mia na ngapi?"

"Afande amesoma arobaini na sita."

Akapapasa usukani. "Yule mteja nitamwambia lilishauzwa."

"Kwa nani?"

"Kwangu."

Sikubishana. Kipimo kilikuwa halali, na neno lilikuwa langu. Nilikwenda kujua lipi lina mbio, nikajua: sedani. Lakini mbio nyingine mtu huzipima kwa mgongo na viganja, na hizo nilisahau kuziweka kwenye mapatano.

Kutoka Nyakahura hadi Biharamulo nilizima redio, nikashusha kioo. Gari langu jipya lingeweza kumpita Seba popote. Nilikaa nyuma yake njia nzima, nikisikiliza anavyokosea gia ya tatu kila mlima.