Pilipili ya Kiume

Muuza phuchka wa kona yetu, hapa Kolkata, hatazami mikono yake. Hutoboa kiputo cha unga kilichokaangwa kikavu kwa kidole gumba, hushindilia viazi vya kuponda, hukizamisha kwenye kimojawapo cha vyungu vyake vya maji ya ukwaju, na kukupa kingine kabla hujameza cha kwanza. Mimi hujigamba foleni nzima isikie: "Phuchka asili yake kwetu Bihar. Nitilie pilipili ya kiume, usinionee huruma." Yeye huitikia tu, "Haya, kaka," akachota. Jana bibi mmoja mwenye vidonda vya tumbo alimwomba maji yasiyo na pilipili hata chembe. "Usijali, mama," akamjibu kwa upole, "nitakuchotea humuhumu ninamomchotea kaka." Foleni nzima ikanigeukia. Nilikuwa bado nahema, nafuta machozi ya pilipili.