Maua Kwenye Barafu

Chakula kilichoyeyuka kikagandishwa tena hakikuingia sufuriani mwake. Kanuni hiyo mpishi huyu aliishika tangu alipoanza kukodiwa kupika kwenye shughuli za watu, na hakuilegeza hata kwa mteja mwenye haraka. Nyama aliijua kwa rangi. Kamba wa kugandishwa aliwajua kwa sikio. Aliinua pakiti hadi shavuni, akaitikisa. Kamba ambao hawajawahi kuyeyuka hukaa mmoja mmoja, na pakiti yao hulia kama kokoto. Wakiyeyuka kisha wakarudishwa kwenye friza, hushikana wakawa bonge, na bonge halilii. Wauzaji walimbandika jina la Bi Tikisa.

"Bi Tikisa, hao ni kamba, si kayamba!" walimtania.

"Wasipocheza, hawaendi kwangu," aliwajibu.

Ujuzi huo alimfundisha mdogo wake wa kiume, ambaye alimlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki. Mdogo mtu alipooa, yeye na mkewe walifungua duka la vyakula vya friza. Walinunua kamba kwa maboksi, wakawafunga wenyewe kwenye mifuko midogo. Dada mtu akawa mpiga debe wao asiyelipwa. Kila aliyempikia alimwambia, "Kanunueni kwa mdogo wangu. Pale hamtaumwa tumbo." Watu walikwenda, kwa kuwa aliyesema ni yeye.

Siku moja alipewa kazi ya kupika chakula cha kumuaga daktari wa zahanati aliyekuwa anastaafu. Matroni alimwahidi kwamba chakula hicho kikipendeza, atakabidhiwa jiko la zahanati moja kwa moja, aache kuhangaika na masufuria mjini. Daktari alipenda kamba, kwa hiyo kamba ndio waliotakiwa. Asubuhi Bi Tikisa akaenda dukani kwa mdogo wake. Wiki hiyo umeme ulikuwa umesumbua, basi akauliza.

"Huku kwenu ulikatika sana?"

"Ulipepesa tu, dada. Kufumba na kufumbua, ukarudi."

Akatikisa pakiti moja baada ya nyingine, zote zimeota ukungu mweupe wa baridi. Zililia vizuri. Mdogo wake aliegemea friza akicheka.

"Haya, wameimba?"

"Wameimba."

"Basi nipishe niuze, mkaguzi wangu."

Wifi yake, ambaye kwa kawaida humsindikiza hadi barabarani, alikuwa akifuta kaunta iliyokwisha kung'aa. Hakuinua kichwa.

Jikoni mwa zahanati Bi Tikisa alimwaga pakiti ya kwanza kwenye beseni. Akaokota kamba mmoja, akamgeuza. Upande mmoja barafu yake ilikuwa bapa, na katika ubapa ule palikuwa na ua dogo lililochongeka vizuri, petali kwa petali. Akaokota mwingine. Ua. Akafungua pakiti nyingine. Maua.

Aliyajua maua yale. Yalikuwa yamechongwa kwenye masinia ya bati aliyowapa mdogo wake na mkewe siku ya harusi yao, na kila akiwatembelea aliletewa chai juu yake. Kamba walikuwa wameyeyuka, wakapangwa mmoja mmoja kwenye masinia yale, wakagandishwa upya ili walie sikioni mwake. Hila hiyo ilitengenezwa kwa ajili yake, na mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha.

Matroni alimkuta akiwabeba kwenda nao kwenye pipa la taka.

"Mama, unafanya nini? Wageni wanakaa!"

"Hawa si wa kuliwa. Nitapika kuku."

"Kuku tunakula kila siku. Umewanunua wapi?"

Angeweza kutaja soko lolote. Hakusema uongo. "Kwa mdogo wangu."

Matroni akawatazama kamba wale. "Si ndiko ulikonituma? Juzi nimenunua huko, wanangu wakala. Nilikwenda kwa neno lako, mama."

Akapika kuku, akaosha vyombo, akaenda dukani na kamba mmoja ndani ya chupa ya chai aliyoijaza barafu. Akamweka juu ya kaunta, ua likiangalia juu.

Mdogo wake alimtazama, kisha akakasirika, kama wafanyavyo watu waliokamatwa. "Dada, ulitaka tule hasara yote? Wateja wengine wananunua hata bonge, hawaulizi. Wewe na masikio yako ndio mliotutoa jasho!"

"Nani aliwapanga?"

"Mimi nilisema tuwatupe, wifi," mkewe alisema, machozi yakimlengalenga. "Akaniambia, 'Dada husikiliza tu, haangalii.'"

"Nyamaza wewe!" mumewe akafoka. Kisha kwa dada yake, kwa sauti ya chini, "Sisi ni ndugu. Haya yanaishia hapa hapa, au siyo?"

Hayakuishia pale. Kwa kuwa alikuwa amewatuma watu kwa mdomo wake, aliwarudia kwa mdomo huo huo, nyumba kwa nyumba, akawaambia wasinunue tena. Mdogo wake alilijua hilo kabla jua halijazama, akatuma ujumbe kwamba hana dada.

Jiko la zahanati alipewa mpishi mwingine. Bi Tikisa bado anazunguka na masufuria yake, na ndugu pekee aliyekuwa naye humpita barabarani bila salamu.