Wimbo Usioitikiwa

Pale Baraka, kando ya ziwa, katika miaka ya hamsini, watu wakifiwa walituma kwanza kumwita Adolphine. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti nzito, anayeishi kwa kuanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, na kulima muhogo pamoja na mume wake, Isidore. Lakini kwenye matanga alikuwa mtu mwingine. Alisimama katikati ya wamama na kutunga papo hapo, maneno yanakuja yenyewe, na wenzake wanaitikia mpaka hata wanaume waliokaa pembeni wanainamisha vichwa.

Jirani yake alikuwa Anatole, seremala. Anatole alikuwa fundi mzuri na mcheshi, mtu wa kusalimia kila anayepita. Alikuwa ameoa msichana wa Ubwari, Pulchérie, ambaye ndugu zake wote walibaki ng'ambo ya ghuba. Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na ua wa matete tu. Anatole akinywa, alimpiga mke wake, na mtaa mzima ulisikia. Asubuhi yake Pulchérie alipita na mtungi kwenda ziwani, kitambaa amekivuta karibu na jicho, na wamama walimwambia, "Jambo, mama," kisha wakatazama pengine.

"Haiko kazi yetu," Isidore alizoea kusema. "Ni mambo ya bibi na bwana. Leo utaingia, kesho batapatana, na wewe utabaki adui."

Adolphine hakumpinga. Anatole ndiye aliyewatengenezea mlango na kitanda, na hakuwa na ubaya nao.

Jumapili moja, baada ya ibada, Adolphine alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga. Pulchérie akaja kwa kupitia pengo la ua, miguu mitupu, mdomo umevimba.

"Mama Adolphine, unifiche kidogo," alisema. "Leo iko mubaya sana. Nitakaa tu hapa ndani, sitasema kitu."

Adolphine alimtazama Isidore, aliyekuwa amekaa barazani. Isidore akatikisa kichwa.

"Rudi, mwanangu," Adolphine akamwambia. "Ukikimbia ndiyo atakasirika zaidi. Rudi, umupikie, atatulia."

Pulchérie alisimama kidogo, kama mtu anayengoja neno lingine. Adolphine akaushika tena mchi. Akarudi kwa njia ile ile.

Kelele zilipoanza, Adolphine aliinua mchi juu zaidi na kuushusha kwa nguvu. Alitwanga na kutwanga mpaka majani yakawa uji, akaendelea kutwanga. Upande wa pili wa njia, mtu alifunga dirisha. Isidore alikohoa, akaingia ndani. Kisha pakawa kimya, na Adolphine akamshukuru Mungu kwamba Anatole ametulia.

Kesho yake Anatole alitoka analia, akisema mke wake ameteleza kwenye mawe ya ziwani na kuanguka vibaya, akafa. Jeneza alilitengeneza mwenyewe. Alilipiga randa vizuri sana, na wengine walisema hiyo ndiyo alama ya mapenzi.

Kaka wa marehemu, Nicolas, alivuka na mtumbwi kutoka Ubwari. Baada ya maziko, watu wamejaa uani, alimwendea Adolphine kwa heshima. "Mama, wanasema wewe ndiye unajua kuimba. Imbia dada yangu."

Adolphine alisimama. Alikuwa na maneno tayari, yale ya siku zote, ya ua lililokatwa mapema na ya Mungu anayechagua. Alifungua mdomo, na hayo hayakutoka. Yakatoka haya:

*Ua wa matete hauzuii sauti,*
*tulisikia, Pulchérie, tulisikia.*
*Mmoja alifunga dirisha, mmoja alikohoa,*
*tulisikia, Pulchérie, tulisikia.*
*Mimi ulinijia na mdomo umevimba,*
*nikakurudisha kwa mkono wangu.*
*Nilitwanga sombe ili nisikusikie,*
*nikakusikia, mwanangu, nikakusikia.*

Mwanzoni wamama waliitikia, kwa mazoea tu. Walipoelewa wanachoitikia, sauti zilikatika, moja baada ya nyingine, mpaka akabaki anaimba peke yake. Isidore akamshika mkono. "Nyamaza! Unaleta haya gani kwa batu?" Anatole alikuwa amesimama, uso umemkauka. Nicolas hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mama, hiyo ni wimbo ao ni ushuhuda?"

"Ni ushuhuda," Adolphine alijibu.

Akapanda naye milima mpaka Fizi, kwenye baraza la hukumu, akasema yote bila kujificha. Majirani waliitwa, walisema hawakusikia chochote. Isidore pia alisema hakusikia, huku amekaa benchi moja na mke wake. Mwishowe Anatole mwenyewe, alipobanwa na maswali, alikiri kwamba alimpiga mpaka akafa, akafungwa.

Baraka haikumshukuru Adolphine. "Mmoja alikufa, wewe ukampeleka wa pili gerezani," mama mmoja alimwambia sokoni. Watu wakifiwa, walimpita mlangoni na kwenda kumwita mwingine. Isidore aliendelea kula chakula alichompikia, lakini mazungumzo kati yao yalipungua, yakabaki ya kuni na chumvi.

Kiangazi kilipofika, Adolphine alivuka kwenda Ubwari kwa mama yake Pulchérie, Mama Suzanne. Alimkuta anapembua ndagala. Adolphine alipiga magoti kwenye mchanga, akaanza kuimba ule wimbo, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kusema.

Mama Suzanne alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, ile wimbo ni yako. Ni ya wewe na batu ya mutaa yako. Mutoto yangu iko wapi ndani?"

Mama Suzanne akaweka ungo chini.

"Alipenda nini? Alicheka namna gani? Unajua?"

"Sijui, mama. Nilikaa karibu naye miaka yote ile, na sijui."

"Sitakuambia nimekusamehe," Mama Suzanne alisema. "Haiko ndani ya moyo. Lakini kaa."

Akasogeza ungo, Adolphine akakaa upande wa pili, na mikono yao wote wawili ikaanza kutenga samaki na mchanga. Mama Suzanne akasimulia. Pulchérie aliogelea kuliko wavulana. Aliogopa bata. Akicheka alifunika pua, si mdomo, na hakuna aliyejua kwa nini. Alipokuwa mdogo aliita radi kwa jina la mjomba wake, kwa sababu mjomba alikoroma.

Adolphine alicheka kidogo, kisha akalia, na Mama Suzanne akamwacha alie, hakumbembeleza. Alipomaliza kulia, Adolphine alifuta uso kwa kitenge.

"Endelea, mama," alisema. "Na huyo mjomba, alikasirika?"