Majina ya Nyuma ya Jiko

Juma lililopita mpwa wangu alinitumia sauti kwenye simu kutoka Bujumbura, anakosoma. "Tantini, naomba unifundishe imani za wapagani wa kwetu. Utangulizi tu, kisha uniambie wapi naweza kusoma zaidi." Utangulizi tu! Utafikiri ni dawa ya minyoo, unameza vidonge viwili, imekwisha. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya mihogo, hapa Nyamianda mjini Uvira. Niliacha mchi nikamjibu kwa hasira ambayo, masikini, hakustahili: "Minye siko na kitabu. Kitabu kilikuwa kimoja tu, nilikiandika mwenyewe, na kilichomwa." Akadhani nafanya mzaha. Tangu siku ile sijatulia, rafiki yangu, kwa hiyo kaa nikueleze wewe, labda nitapumua.

Nilikulia Lubarika, katika tambarare ya Ruzizi, kwa bibi mzaa baba. Asubuhi nilifukuza ndege kwenye mpunga, nagonga kopo na kupiga kelele mpaka koo likauke, na mchana nilirudi kukuta bugali ya mihogo na maharage, na ndakala, vile visamaki vya ziwani, kama baba alikuwa ametuma kutoka Uvira. Bibi alinuka tumbaku na moshi wa kuni. Jumapili alivaa rozari shingoni akaimba misani kwa sauti iliyowashinda wanakwaya, hata kiongozi wao alikuwa akimgeukia kwa jicho baya. Bibi wala hakujali.

Lakini nyuma ya jiko kulikuwa na kijumba cha nyasi, kimo cha goti langu. Kwa muda mrefu nilidhani ni cha kuku. Kumbe kila maharage ya kwanza yalipoiva, na kila mtama mpya ulipotengenezwa pombe, bibi alichota kidogo kabla sisi hatujaonja, akainama pale, akaweka, akamwaga, akaanza kuita watu. Aliwaita mmoja mmoja, kwa jina, na alizungumza nao kama majirani waliomchosha. "Na weye, najua unapenda nyama. Nyama hakuna. Kula maharage, unyamaze, na uache kumusumbua mutoto na homa." Nilikuwa nikijificha nyuma ya ukuta wa jiko, nimeziba mdomo nisicheke.

Katekista alitufundisha kila Jumamosi kwamba wenye vijumba kama hivyo ni wapagani, na kwamba tunajua wanakokwenda. Nilimwuliza bibi. Akacheka, akatema mate pembeni. Alisema Mungu yuko juu, ni mwema, hana njaa, hahitaji kulishwa. Wafu ndio wako karibu, na muntu aliye karibu ndiye anayekasirika ukila bila kumwita. Alisema pia kwamba pepo wote wana mkubwa wao, Kiranga, na kwamba zamani watu waliingia katika nyumba yake chini ya mti mmoja wa maua mekundu, wakapewa jina jipya ambalo padri halijui na chifu halijui. Mtu wa namna hiyo akifa, kwenye kijumba huitwa kwa jina hilo. Basi. Nikiuliza zaidi, ananikata: "Uingie kwanza, njo utajua."

Na hapo ndipo panapotaka kunipasua kichwa mpaka leo. Kumbe kuingia hakuwezekani! Mtu haingizwi na mtu mmoja, huingizwa na kundi, na kundi la bibi lilikuwa limekwisha. Wengine walikufa, wengine walibatizwa wakaona haya, wengine walivuka Ruzizi wakabaki ng'ambo. Alibaki yeye peke yake na kiapo chake. Kuninyamazia ilikuwa lazima, na kunifundisha ilikuwa mwiko. Mwaka ule alianza kukohoa, na siku moja baada ya kumwaga pombe nilimsikia anasema, si kwangu: "Minye nikiisha, nani atawaita?"

Nilikuwa na miaka kumi. Nilijua kuandika. Basi nikafanya kile mwalimu alichotufundisha: nilichukua daftari langu la katekisimu, nikaligeuza, na kuanzia ukurasa wa mwisho nikaandika majina yote jinsi bibi alivyoyaita, moja chini ya jingine, kwa mstari ulionyooka, kama orodha ya kuita wanafunzi darasani. Nilimaliza misimu miwili kuyapata yote kwa mpangilio. Sijawahi kujivunia kazi yoyote kama ile.

Kisha vita ikaja, ile ya kwanza. Tulisikia bunduki upande wa Luberizi, na kabla jua halijafika katikati tulikuwa barabarani kuelekea Uvira, bibi na godoro kichwani, mimi na sufuria. Daftari nilikuwa nimelifunga tumboni kwa kitenge. Njiani kulikuwa na bariera iliyofunga barabara, na askari wamekaa wanachoma mahindi. Usiniulize ni askari wa nani, siku zile hata wao walikuwa hawana hakika. Mmoja alinipapasa, akalikuta daftari. Kurasa za mbele zilikuwa amri kumi za Mungu, akacheka. Akaligeuza. Hakucheka tena.

"Hii ni listi ya nani?" Watu waliokuwa nyuma yetu wakarudi hatua mbili. "Mbona hakuna Jean, hakuna Pierre? Haya ni majina ya wapiganaji wa porini! Mama, watoto wako wa porini wako wapi?"

Bibi hakujua kusoma. Aliniangalia, na mimi nikamwambia huku nalia: "Ni ya kijumba, bibi. Niliandika ya kijumba." Niliona uso wake ukielewa. Hakunipiga. Angesema ni wafu, wangemwuliza nani amewaua. Angesema ni wa Kiranga, kiapo kimevunjika, na nani angemwamini? Akashusha godoro, akasema: "Ni ng'ombe, afande. Ng'ombe wetu waliochukuliwa. Mutoto aliandika majina yao tusisahau."

Kwetu ng'ombe ana jina zuri kuliko la mtu, hata yule askari alilijua hilo. "Ng'ombe? Haya, waite. Ukikosea mmoja tu, utaona." Akaweka kidole kwenye jina la kwanza.

Na bibi yangu akawaita. Alisimama katikati ya barabara, akapiga ulimi vile wachungaji wanavyopiga, na kwa ile sauti ndefu ya kurudisha ng'ombe zizini akamwita baba yake, na mama yake, na dada zake, na wale wote walioingia naye chini ya ule mti, mpaka wa mwisho, bila kukosea hata mmoja. Askari walicheka wakashika mbavu. Mwingine alilia kama ndama. Yule mwenye daftari alilitupa kwenye moto wa mahindi, akatuambia twende, na bibi akasema asante.

Tulifika Uvira wazima. Wengi hawakufika, kwa hiyo nani mimi wa kulalamika? Lakini nalalamika! Maharage mapya yalipoiva, bibi hakuchota. Nikamwambia, bibi, nitakujengea kijumba nyuma ya jiko la baba. Akasema, "Nimewaita kama ng'ombe, mbele ya watu. Nikiwaita tena nitawaambia nini?" Nilimwomba aniambie majina, angalau nusu. Akaendelea kuchambua maharage. Alikufa kabla ya vita ya pili, amepakwa mafuta matakatifu, rozari mkononi.

Wapi kusoma zaidi? Mama weee. Nimekwenda Luberizi, wakanituma Lubarika. Lubarika wazee wakanituma ng'ambo. Ng'ambo wakaniambia nenda kwa mapadri, wao ndio waliandika. Padri mmoja, mtu mwema, alikiri kulikuwa na daftari nene za wamisionari kwenye maktaba yao, lakini maktaba iliporwa, na karatasi zake zilifungiwa karanga sokoni. Wahubiri wa siku hizi wao wanajua kila kitu: ni mashetani, toa sadaka. Na kwenye simu nikitafuta neno upagani naonyeshwa wazungu waliovaa majoho wanazunguka mishumaa. Anayejua hasemi, na anayesema hajui, na mimi niko katikati na mchi wa sombe.

Yamenibaki majina machache, na mpangilio umeniponyoka. Maharage ya kwanza yakiiva nachota kijiko, naweka nyuma ya jiko, nawaita hao ninaowakumbuka, nawaomba radhi kwa ajili ya ile barabara. Kisha inafika zamu ya bibi. Kwenye msalaba wa kaburi lake wameandika Maria. Jina lake lile jingine, alilopewa chini ya mti, sijui, sikuwahi kuliuliza. Orodha yangu ilikuwa ya waliokufa, na yeye siku zile alikuwa mzima, amesimama pale mbele yangu, akiita wengine.