Afisa Utamaduni na Moto wa Ngoma

Afisa utamaduni hulitamka neno "sanaa" huku amefumba macho, kama mtu aliyewekewa asali ulimini. Shati lake la kitenge hulivaa siku za wageni tu. Siku nyingine hutundikwa nyuma ya mlango wa ofisi, na wasanii wanaokuja kuomba msaada huonana na shati hilo, maana mwenyewe yuko kikaoni. Mikono yake haitulii. Hupangusa viti ambavyo vimeshapanguswa, hunyoosha kitambaa cha meza kuu, halafu hukinyoosha tena.

Siku ya kuhamasisha jamii ithamini sanaa, pale ufukweni Shangani, upepo wa bahari ulikuwa umezilegeza ngozi za ngoma, kwa hiyo kikundi cha ngoma kutoka kijiji cha Mahurunga kikawasha moto wa makuti ili kuzikanza zikaze. Moshi ukaelekea meza kuu. Afisa akamwona mgeni rasmi akipepesa macho. Alichukua ndoo ya maji akauzima moto yeye mwenyewe.

"Mzee Gaudensi, mnataka kuniaibisha?"

"Bila moto hazilii, mkuu," mzee huyo mpiga ngoma akamjibu.

"Zitalia tu. Pigeni kwa moyo."

Wakapiga kwa moyo, zikalia kama godoro linalokung'utwa vumbi. Mgeni rasmi akaomba muziki wa spika. Afisa akashika kipaza sauti, akafumba macho.

"Ndugu zangu," akasema kwa uchungu wa kweli, "ngoma za siku hizi hazina mlio kama za zamani. Jamii imezitelekeza."

Mkono wa pili ulikuwa bado umeshika ndoo.