Njia Aliyoichimba Evarista

Masika ya mwaka 1953 ilikuwa imepamba moto Evarista aliposhikwa na uchungu wa mimba yake ya tatu. Alikuwa mkulima wa mahindi na njegere katika kijiji cha milimani huko Iringa, mwanamke wa kicheko kikubwa, na wawili wa kwanza aliwazaa bila kumchosha mkunga. Safari hii mkunga, Bibi Rozalia, alipapasa tumbo, akajaribu yote aliyoyajua, kisha akatoka nje kumwita Liberatus, mume wa Evarista.

"Mtoto amekingama, baba. Mimi nimefika mwisho. Mpelekeni hospitali ya misheni."

Mama mkwe akaja juu. "Wakampasue? Nani mliyemwona kapasuliwa tumbo akarudi kulima?"

Hakuna aliyewahi kumwona mtu kama huyo. Ndani, Evarista alikuwa akiyasikia yote.

"Nikibaki hapa nakufa," akasema kwa sauti iliyokuwa imembakia. "Huko bado sijui. Nipelekeni."

Wanaume wakafunga blanketi kwenye mianzi wakamteremsha mlima kwa kupokezana, huku matope yakiwafika magotini. Barabarani wakalisimamisha lori la mchele la Othmani, mfanyabiashara aliyekuwa akitoka Rujewa. Othmani hakuuliza mengi. Alisogeza magunia, akamlaza mgonjwa katikati, akaendesha kama mtu aliyepakia mayai. "Vumilia, dada!" alipiga kelele kila walipotumbukia shimoni.

Hospitalini Evarista alimwona daktari akinawa mikono hadi viwikoni. Muuguzi mmoja Mnyakyusa, Anyitike, akamwekea puani kitambaa chenye nusu kaputi. "Vuta pumzi, mama. Ukiamka nitakuonyesha mwanao."

Na kweli alimwonyesha: msichana, analia kama anayedai shamba la urithi. Wakamwita Agripina.

Evarista aliporudi, akiupanda mlima kwa miguu yake mwenyewe, wanawake walimiminika kumtazama kama bibi harusi. Mama mkwe aliomba waachwe wawili. Akapitisha kidole juu ya mshono, polepole, kisha akakaa chini akalia. Msimu uliofuata Evarista alilima shamba lake lote, na alilima akiimba, ili wapita njia wamsikie.

Mwaka wa pili yakamfika jirani yake, Lea. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa uani, wakibishana kuhusu kisu cha daktari. Evarista alikuja moja kwa moja kutoka shambani.

"Shikamooni, baba zangu. Aliyepasuliwa ni mimi hapa. Zile njegere zangu mlizokula juzi, zililimwa na maiti?"

Mmoja wao akashindwa kujizuia, akacheka. Machela ikafungwa. Evarista alimsindikiza Lea, akimshika mkono njia nzima, na kwenye kona ya mawe nusura wabebaji wateleze naye bondeni. Lea alipona, na mtoto wake alipona.

Lakini ile kona ilimkaa Evarista rohoni. Siku ya baraza alisimama mbele ya Jumbe Ambrosi, mahali ambapo wanawake hawakuzoea kusema.

"Jumbe, daktari yupo na dawa ipo. Kinachotuua ni njia. Tunataka gari lifike kijijini."

"Na nani atailima barabara hiyo?"

"Sisi tunaozaa."

Baadhi ya wanaume waliguna. Kiangazi kilipoingia wanawake walitoka na majembe, Evarista mbele, Lea nyuma yake, na mama mkwe akawapikia uji huku akimlea Agripina. Haikuchukua muda wanaume nao wakaona haya, wakaja na sururu na mitaimbo. Kwenye kona ya mawe wengi walikata tamaa, wakataka njia izungushwe mbali. Evarista alikataa. Aliwasha moto juu ya jiwe kubwa lililoziba njia, akalimwagia maji, akalipiga kwa mtaimbo mpaka likatoa ufa.

Kazi ilipokwisha Jumbe alikuja, akaitembea barabara yote hadi juu. Mwisho akauliza ni kazi ya nani. Wanawake wakamsukuma Evarista mbele. Alijifuta vumbi usoni, wala hakuinamisha macho.

"Ni yetu sote, Jumbe," alisema. "Lakini lile jiwe la konani, lile nimelipasua mimi."